Bolti Kumi na Mbili za Kaka

Kaka yangu alikuwa fundi wa kugeuza malori, na mtaa mzima ulimwita Fundi Futi kwa sababu futi ya chuma haikumtoka mfukoni. Siku tulipomzika baba yetu alilipima kaburi mbele za watu, akasema limepungua inchi mbili, na wachimbaji wakarudi chini wakinung'unika. Ndivyo alivyokuwa. Mimi ni mdogo wake. Duka langu la bolti na nati linatazamana na gereji yake, katikati yetu kuna barabara ya vumbi na mtaro. Wananiita Mama Bolti. Wengine wananiita Mama Moto, ila hao wanasubiri kwanza niondoke.

Kazi yake ilikuwa hivi. Unamletea lori la kawaida lenye bodi la mbao. Analivua bodi, anafupisha chesisi, anakata propela na kuisawazisha upya, anaongeza majani ya springi nyuma, anavuta mipira ya upepo ya breki za trela. Mwisho anafunga meza, ile sahani nzito ya chuma mgongoni mwa lori, ambayo trela inaikalia na yenyewe inaing'ata pini ya trela isitoke. Lori likishapata meza linaitwa kichwa, na kazi yake kuanzia siku hiyo ni kuvuta. Kaka hakuwahi kuchomelea meza kwenye chesisi kama wanavyofanya mafundi wa kubahatisha. Aliifunga kwa bolti, kwa matundu ya ubavuni, na kwa bolti ngumu peke yake. Bolti ngumu ina namba ndogo kichwani. Bolti laini, ya kufungia mbao na mabati, ina kichwa kipara. Kwa mbali zote ni bolti. Ukizikoroga kwenye ndoo moja umetayarisha msiba wa mtu.

Sasa niseme lile tulilolificha sote wawili. Miaka miwili kabla ya haya, saa ya chakula, kaka aliingia dukani, akafunga mlango, akasimama katikati ya ndoo zangu kama mtu aliyekuja kukopa. Akaniambia haoni. Siyo giza, alisema, ni ukungu, umekaa katikati ya kila anachokitazama. Barabara anaiona kingo zake, watu anawajua kwa sauti na mwendo. Namba za futi hazioni tena. Nililia, kisha nikamgombeza, maana mimi nikiumia hugomba. Akaniomba nisimwambie mtu.

Tangu siku hiyo nikawa macho yake. Alipokuja kununua bolti nilizisoma vichwa moja moja na kumwekea mkononi. Alipopima chesisi, mimi nilivuka mtaro na kikombe cha chai, nikainama kama ninayekiweka chini, nikamnong'oneza: "Mia moja na kumi na nne." Akapiga alama. Hakuna aliyejua. Hata mwanawe wa pekee, ambaye ni dereva, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, hakujua. Watu walituona ndugu tunaopendana sana. Kweli tulipendana, lakini chai ile ilikuwa ya kazi.

Mwanawe akapata lori lake mwenyewe, kuukuu lakini injini nzima, na akapata mzigo wa kudumu wa saruji. Akataka baba yake amgeuzie liwe kichwa. Kaka alifurahi mpaka akasahau kula. Mimi nilipinga. Nilimfuata jikoni kwake Ijumaa jioni, akiwa anapapasa meza kutafuta kijiko kilicho mbele yake, nikasema, "Kaka, mwambie mtoto. Nenda hospitali, huenda ni ukungu wa mtoto wa jicho tu, wanautoa. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Nikishamaliza la mwanangu," akasema.

"La mwanao ndilo la kuanza kusema ukweli!"

"Wewe uza bolti," akanijibu. "Ufundi niachie mimi."

Maneno hayo yaliniingia kama sindano. Miaka miwili nimevuka mtaro ule na chai, leo naambiwa niuze bolti. Nikaondoka bila kuaga.

Jumamosi asubuhi nilikuwa na hasira bado, na mimi nikiwa na hasira hufanya usafi. Nilitoa ndoo zote, nikafagia, nikazirudisha. Ndoo ya bolti ngumu, iliyokaa kushoto miaka yote, niliipeleka kulia kwa sababu sakafu ya kushoto ilikuwa imelowa. Ya bolti laini ikaja kushoto. Sikuwaza lolote. Mchana kaka akaja. Alisimama mlangoni kidogo akingoja nisimame nimsomee kama kawaida. Mimi nikaendelea kupanga nati rafuni, nimempa mgongo.

"Za meza," akasema. "Kumi na mbili."

"Jihudumie. Unajua zilipo."

Akaingiza mkono katika ndoo ya kushoto, akahesabu kumi na mbili, akazitia mfukoni. Wala hakupapasa vichwa. Kwa nini apapase ndoo ya dada yake? Nilimsikia akihesabu kwa sauti na nikajisemea moyoni, ngoja ajue umuhimu wangu. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyojisemea.

Jumapili kaka akaifunga meza ya lori la mwanawe, na Jumatatu alfajiri kijana akaondoka kwenda kupakia saruji. Saa nne asubuhi mteja alitaka bolti ngumu nne. Bolti ngumu ni ghali, huwa nazihesabu kila Ijumaa, na Ijumaa hiyo zilikuwa sabini na mbili. Nikaenda kulia, nikazikuta sabini na mbili. Nikazihesabu tena. Sabini na mbili. Nikatazama ndoo ya kushoto, zile vipara, nikaona shimo katikati yake mahali mkono ulipochota.

Mteja anasema nilipiga ukelele. Mimi sikumbuki. Nakumbuka niko gereji, nimemshika kaka kifua cha ovaroli, namwambia, "Zile bolti ni laini. Ulichukua ndoo siyo. Nilihamisha ndoo."

Akauliza, "Ameondoka saa ngapi?"

"Wewe ndiye uliyemuaga!"

"Amepakia mpaka saa tatu," akajisemea. "Saa tatu na nusu labda. Tani ishirini na nane."

Tulipiga simu. Haikupokelewa, na tulijua haitapokelewa, maana kaka mwenyewe alimfundisha kwamba mtu anayevuta trela simu inakaa ndani ya kisanduku cha dashibodi. Basi tukapanda pikapu yangu. Niliacha duka wazi, mteja yuko ndani na bolti zake.

Niliendesha kwa namna ambayo sijawahi na sitaki tena. Kaka alikaa pembeni, mikono kwenye magoti, macho mbele kwenye barabara asiyoiona sawasawa, na alizungumza mfululizo. Alisema kila dereva akikanyaga breki, trela inaisukuma meza mbele. Bolti ngumu inastahimili. Bolti laini inavutika, nati inalegea, meza inaanza kucheza, na ikishaanza kucheza inakata vichwa kimoja kimoja. Kwenye barabara tambarare itachukua siku. Kwenye mteremko, mtu anakanyaga breki kila kona.

"Nyamaza," nikamwambia.

"Meza ikitoka, trela inaingia kwenye kichwa kwa nyuma. Anapokaa yeye."

"Nimesema nyamaza, kaka!"

Akaanza kulia, na kule kulia kulikuwa kubaya kuliko maneno.

Kwenye mizani ya malori, pale juu kabla mteremko haujaanza, foleni ilikuwa ndefu na nilishukuru Mungu, nikijua yumo. Nilikimbia lori hadi lori. Hayumo. Karani wa mizani alitazama karatasi zake akaniambia, "Saruji? Kapita. Hata dakika kumi hazijafika. Mama, vipi, kasahau chakula?" Sikumjibu. Naomba radhi kwake kama anakumbuka.

Tulimwona kwenye kona ya tatu, chini yetu. Trela ndefu, turubali la kijani, na moshi mwembamba wa breki ukitoka magurudumuni. Nilipiga honi, nikawasha taa. Akatoa mkono dirishani na kunipungia nimpite, kama dereva mwenye adabu. Nikampita, nikataka kusimama mbele yake palepale.

Kaka akanishika mkono. "Usimzuie! Akikanyaga breki kwa nguvu umemuua. Nenda mbele. Tafuta mahali barabara inapolala."

Yaani kumwacha nyuma yangu, akiteremka na kile chuma, mimi nikikimbia kumwacha. Nilifanya hivyo. Nilipita kona mbili, kila nikitazama kioo sioni kitu, nasikia masikio yangu tu. Baada ya kona ya pili barabara ililala kidogo kando ya machimbo ya kokoto. Nikasimamisha pikapu pembeni, nikavua kitambaa cha kichwani nimpungie. Kaka akashuka, akasogea barabarani kwa kufuata ukingo wa lami kwa mguu. Alisimama pale, ovaroli lake la bluu, akanyoosha mkono mmoja, kiganja chini, akaanza kukibonyeza hewani polepole. Ndiyo ishara ya gereji anapoingiza lori juu ya shimo la kukagulia: taratibu, gia ndogo, usikanyage. Mwanawe ameiona ishara ile tangu akiwa mtoto wa kubebwa.

Lori likatokea kwenye kona. Lilikuwa linamjia, na yeye hakuona ila kivuli kikubwa kinachokua. Nilimwita arudi. Hakurudi. Aliendelea kubonyeza hewa. Nikasikia injini ikilia, gia ikashushwa, ikashushwa tena, halafu lori likaanza kupoteza mwendo kidogo kidogo, likapita mbele ya uso wa kaka karibu kiasi cha kuligusa, likasimama kwenye kokoto. Lilipokoma kabisa, kitu kikagonga chini ya meza, mara moja, chuma kwa chuma.

Mpwa wangu akaruka chini akicheka. "Baba! Shangazi! Kuna nini, nyumba imeungua?"

Kaka alikuwa keshaingia chini. Alilala chali kwenye kokoto, mikono yake ikipita juu ya bolti. "Moja haipo," akasema. "Ya pili haina kichwa. Ya tatu haina. Hii imevutika. Hii pia. Meza imesogea vidole viwili."

Kijana akainama. Kicheko kikamtoka usoni. Alichukua funguo zake akakwangua rangi nyeusi juu ya bolti moja, kwa sababu kaka hupaka rangi kila anachokifunga, akamulika kwa simu. "Hizi ni za bodi," akasema. "Hazina namba. Baba, ulinifungia meza kwa bolti za bodi? Hukuangalia?"

"Niliangalia," kaka akasema kutoka chini. "Sikuona."

"Hukuona nini?"

"Sioni, mwanangu."

Kijana akanitazama. Nilimweleza yote hapo hapo, ndoo, hasira yangu, chai, namba nilizonong'ona. Nilimwambia kosa ni langu. Alinisikiliza akiwa amekaa juu ya kokoto kama mtu aliyepigwa. Nilijua akilini anawaona watoto wake. Nikaharakisha kumtuliza: "Ni bolti hizi tu. Mengine yote miaka miwili hii nimeyasoma mwenyewe, kichwa kwa kichwa. Yako salama."

Kaka akatoka chini ya lori, akakaa. Alikuwa na grisi usoni na machozi yamepita katikati yake. "Siyo miwili," akasema. "Ni minne."

"Minne nini?" nikauliza.

"Macho. Mwanzo mama yake huyu ndiye aliyenisomea. Aliniletea chakula gereji, unakumbuka, kila siku. Alipofariki nilikaa mwaka mzima ndipo nikaja kwako. Niliona aibu."

Nilidhani najua kila kitu cha kaka yangu. Nilijiona mimi ndiye niliyembeba, na kumbe nilipokea mzigo uliokuwa umeshaanguka njiani mwaka mzima.

"Na mwaka huo," kijana akauliza taratibu, "nani alikusomea?"

"Nilipapasa."

"Uligeuza malori mangapi?"

Kaka alifumba macho, ingawa hapakuwa na tofauti kubwa. Akaanza kuyataja kwa wenyewe, maana kichwa chake hakikusahau hata lori moja. La kubeba mbao. La yule mjane wa mchanga. Mawili ya mahindi, ya ndugu wale wanaogombana. Tangi la mafuta. Alifika tisa. Magari makubwa yalitupita yakiteremka, moja baada ya jingine, na kila lililokuwa na trela kijana alilitazama pale penye meza mpaka likapotea.

Kisha akafungua simu. "Tuanze na tangi," akasema. "Baba, nitajie namba."

Kaka akaitaja kwa kichwa, tarakimu zote, bila kukosea. Simu ikaita mpaka ikakatika. Kijana akapiga tena.