Miwani Kwenye Mti wa Krismasi

Kwa miaka ishirini na sita Mama Simu alikaa mbele ya swichibodi ya simu za hospitali kubwa, vipokea sauti masikioni, akiunganisha watu. Daktari akiitwa wodini, ndugu akiuliza kama mgonjwa wake ameamka, mkurugenzi akimtafuta dereva wake, wote walipitia kwake. Sura za watu hazikumhusu. Alimjua mtu kwa jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kusema haloo. Jina la Mama Simu alibandikwa na dobi wa hospitali, mwanamke mwenye mdomo mchafu na roho safi, nalo likamganda mpaka wakubwa wakasahau lile la kwenye kitambulisho.

Presha ya macho ilimwanza mwaka aliostaafu. Kwanza aliona kama anayechungulia kwenye bomba, kisha bomba lenyewe likaziba. Mumewe, aliyekuwa seremala, alishatangulia. Mwanawe wa pekee, msimamizi wa duka la samani, akamhamishia kwake na kumpa chumba kilichokuwa stoo, ubavuni mwa jikoni. Hawakumnyima chakula, wala hakuna aliyemwinulia mkono. Walimwekea sahani, wakamwambia, "Mama, kula," kisha wakarudi zao sebuleni kwenye televisheni. Kuna siku alipitisha kutwa nzima akiwa ameambiwa maneno manne tu: kula, oga, subiri, lala.

Kilichobaki chake kilikuwa mti wa Krismasi. Ulikuwa wa plastiki, umepukutika majani upande mmoja, na Mama Simu aliununua mwaka mwanawe alipoanza darasa la kwanza. Tangu wakati huo kazi ya kuupamba ilikuwa yake, na hata alipopofuka hawakumpokonya. Jumamosi ya mwisho kabla ya sikukuu, baada ya chakula cha mchana, wote walikaa sebuleni, sanduku likafunguliwa, wakawa wanampa mapambo moja moja. Yeye alipapasa tawi, akaning'iniza. Alijua kwamba akishaingia chumbani kwake, mkwewe huyapanga upya. Hilo halikumkera. Alichokuwa akikisubiri mwaka mzima ni ile saa moja ya watu kukaa.

Mwaka ule mwanawe aliamka na furaha yake.

"Mama, shika hili. Pambo jipya, la ng'ambo."

Lilikuwa duara, zito, limeviringishwa karatasi ya kung'aa na kufungwa uzi. Mama Simu alikuwa amekwishalinusa kabla halijafika kiganjani. Kitunguu. Akadhani wamekosea. Halafu akasikia mjukuu wake, Kidoti, msichana wa miaka kumi na sita, akibana kicheko nyuma ya kiganja.

Akapapasa tawi, akakitundika.

"Zuri, Bibi!" Kidoti alisema. "Geuka kidogo huku, taa ikupate vizuri." Simu ilikuwa tayari mkononi, inarekodi.

Kikafuata kijiko. Kikafuata kifuniko cha chupa, kisha soksi, kisha brashi ya viatu. Kila kimoja kilipewa jina lake, kengele, malaika, kandili, na kila kimoja Mama Simu alikitafutia tawi lake taratibu, akakiweka sawa, akarudisha mkono kuomba kingine. Mkwe alisema, "Jamani, basi, mtakuja kuchomwa moto nyinyi," lakini naye maneno yalimkatika kwa kucheka. Juu ya vicheko vyote kilikuwepo kimoja kilichoanzia puani, kikakwama, halafu kikafumuka kwa kishindo. Mama Simu alikijua kicheko kile tangu mwanawe ana miezi minane, akirushwa juu na baba yake.

"Sasa nyota," mwanawe alisema, akihema. "Ya kileleni kabisa, Mama."

Ilikuwa miwani. Mkono mmoja wa miwani hiyo ulikuwa umezungushiwa uzi mwingi, uliokazwa na kupakwa gundi, kwa sababu skrubu ilipotea na mumewe hakutaka miwani nyingine. Uzi ule aliuzungusha Mama Simu mwenyewe. Walikuwa wameitoa kwenye droo yake, chini ya nguo zake za ndani.

Mikono ikasimama hewani. Watu wote wakangoja. Kisha Mama Simu akajinyoosha kwa ncha za vidole vya miguu, akaipachika kileleni. Nyumba ikalipuka. Mwanawe alicheka mpaka akakohoa.

Kidoti aliituma video kwa wenzake wa darasani jioni ile ile. Kufika Jumatatu ilikuwa imeshamponyoka. Watu wasiojuana waliichekea, wakaandika chini yake kwamba bibi mtandao umemkatikia. Jumatano upepo ukageuka. Wakaanza kuuliza ni nyumba gani hiyo, na vicheko hivyo ni vya nani, maana kwenye picha alionekana bibi tu na mti wake, na maneno yalizama kwenye kelele za kucheka. Alhamisi mtu akaitambua sebule.

Wa kwanza kufika alikuwa yule dobi wa hospitali. Hakubisha hodi; alipita jikoni bila kumsalimu mtu, akaingia stoo, akafunga mlango.

"Mama Simu, umefanywa sinema."

"Najua."

"Unajua nini? Walikupa kitunguu!"

"Nilikijua tangu kinatoka jikoni."

Dobi akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa. "Na hukuwatupia usoni kwa nini?"

"Walikuwa wamekaa, shoga," Mama Simu alisema. "Wote. Ningekitupa, wangeinuka."

Dobi hakuinuka kwenye ndoo ile mpaka giza lilipoingia.

Kazini mwanawe aliitwa ofisini. Mwenye duka hakutaka jina la samani zake litajwe pamoja na mambo ya kumdhihaki kipofu. Mwana akajibu bila kupepesa macho: Jumamosi ile hakuwepo nyumbani, alikuwa akikagua mzigo; ni utoto wa binti yake na wenziwe. Mchungaji naye alipopiga simu akaambiwa hivyo hivyo. Mchungaji akasema vema, Jumapili baada ya ibada atakuja na wazee wawili wa kanisa, amsikie mama mwenyewe.

Siku moja kabla ya ugeni huo, mwana aliingia stoo, akakaa kitandani. Hakuwa amekaa pale hata mara moja tangu amhamishie mama yake. Akamshika mkono, akamuuliza kama amelala vizuri, magoti yanamsumbua, blanketi linatosha. Nusu saa nzima akauliza hili na lile. Kisha akasema, "Mama, nitaachishwa kazi. Wewe sema tu sikuwepo."

"Wakiuliza ni nani, je?"

"Kidoti ni mtoto. Mtoto husamehewa."

Mama Simu akamgeuzia uso. "Miwani ya baba yako iko wapi?"

"Vilitupwa vyote pamoja, Mama. Na takataka." Akaubana mkono wa mama yake kwa mikono yake miwili. "Nitakununulia hata redio."

Jumapili sebule ilijaa harufu ya viatu vilivyopigwa rangi. Mchungaji aliongea kwa upole, kama anayeongea na mgonjwa.

"Mama yetu, tunaomba utuambie. Mwanao alikuwepo?"

"Hakuwepo," Mama Simu alisema. Ilikuwa sauti yake ya kazini, safi, isiyotikisika, ile iliyowaambia maelfu ya watu wasubiri kidogo. "Alikuwa kazini. Ni mtoto huyu, alikuwa anacheza. Nimemsamehe."

"Bibi!" Kidoti aliruka kutoka kwenye kiti. "Baba alikuwepo! Kitunguu alikifunga yeye! Miwani aliitoa yeye! Bibi, ulimsikia akicheka, unamjua!"

Mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na trei ya vikombe. Vikombe viligongana kidogo, kisha vikatulia. Akarudi jikoni.

"Bibi, waambie."

"Mimi sioni, mjukuu wangu," Mama Simu alisema.

Wazee wa kanisa wakatikisa vichwa. Mmoja akanong'ona kwamba watoto wa siku hizi wanadiriki hata kumsingizia mzazi mbele ya mchungaji. Baba mtu akainuka akamzaba Kidoti kofi moja mbele ya wageni, kofi la kuonyesha malezi, na Mama Simu akalisikia lilivyotua.

Kidoti alisimamishwa mbele ya waumini, akasoma karatasi ya kuomba radhi aliyoandikiwa na baba yake. Simu ilichukuliwa. Marafiki wakamkimbia kama mwenye ukoma, na wale walioisambaza video ndio waliomzomea zaidi. Mwanzoni mwa mwaka ukatoka uamuzi kwamba aende shule ya bweni, mbali. Mwana alibaki na kazi yake, akasifiwa hata kazini kwa msimamo wake. Hakurudi kukaa kitandani. Redio haikununuliwa, na Mama Simu hakuiuliza.

Asubuhi ya safari aliamka mapema, akavaa gauni lake la maua, akakaa kwenye kiti cha korido pembeni ya mlango, mahali ambapo kila anayetoka lazima ampite. Alisikia begi likiburutwa, halafu likanyanyuliwa lisiburutwe tena. Alisikia viatu vikivuliwa. Nyayo tupu zikaja polepole juu ya sakafu, zikasimama mbele yake, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angemgusa.

"Kidoti?"

Begi likasugua nguo.

"Mjukuu wangu, ni wewe. Sema na mimi basi. Hata unitukane."

Msichana alisimama pale, begi kifuani, akimtazama macho yake meupe. Alivuta pumzi, ile ya mtu anayetaka kusema, na Mama Simu akainua uso kuipokea. Pumzi ikatoka bila neno. Kisha nyayo zikampita, mlango ukafunguliwa na kurudishiwa taratibu, na nje gari likawashwa.