Kanda za Siku ya Kupamba

Enzi zetu, sisi wasichana wa mtaa wa Usagara tuliokua kabla ya simu za mkononi, kanda ya video ya harusi ilikuwa na adabu zake. Ile ya wanaume, ya nikahi, ilizunguka mtaa mzima. Lakini kanda ya siku ya kumpamba bi harusi, wanawake wakiwa nywele wazi wakicheza ngoma yao ya ndani, hiyo ilikaa kwa mama yangu. Nadhani wanawake wa mtaa walimchagua kwa sababu hakuwa na mdomo mwepesi. Alizifunga kanda zote kwenye leso, akazilaza kabatini chini ya mashuka.

Nakumbuka alasiri za kuziangalia. Tukiwa uani tunacheza rede, tulisikia komeo la mlango wa mbele likifungwa, tukaacha mpira na kukimbilia ndani. Baba alikuwa keshaondoka bila kuambiwa. Mabuibui ya wageni yalitundikwa msumarini, chumba kikanukia udi na asumini, sinia la visheti likapita, na deki ya video ikaanza kukoroma. "Shoga, hicho kiuno ulikitoa wapi?" mmoja aliuliza, wote wakaangua kicheko. Kanda ikiisha, mama alitutazama sisi watoto mmoja mmoja. "Mlichokiona humu ni amana. Hata kaka zenu msiwaambie." Na kweli hatukuwaambia. Vijana wa leo, bi harusi hajashuka jukwaani, picha zake zimeshafika Arusha kwa watu wasiomjua hata jina.

Miaka ikapita, kanda zikaanza kuota ukungu. Mwaka huu nikazihamishia kwenye kompyuta yangu ya chumbani, nikitaka mama azitazame kwenye runinga kubwa ya sebuleni. Nyuma ya runinga hiyo nimeweka kompyuta ndogo ya Linux, inayochukua filamu na mawaidha kutoka kompyuta ya chumbani kwa mtandao wa humu ndani. Siku mbili nzima ile ndogo iliiona folda lakini ikakataa kuifungua. Ilidai jina na neno la siri, na kila nililoandika ikalitema. Nikachoka. Nikaiacha folda wazi kwa yeyote, bila jina wala neno la siri, ikafunguka papo hapo, nami nikajiona fundi.

Ijumaa iliyofuata kaka yangu Salimu alikuja na shemeji zake wawili baada ya swala. Mama alikaa nao sebuleni, mimi nikawa jikoni napakua pilau. Salimu akashika rimoti kutafuta mawaidha, akabonyeza folda ya kwanza aliyoiona. Niliposikia ngoma nilijua. Nilifika mbio na mwiko mkononi, nikakuta wanawake wa Usagara wanacheza nywele wazi mbele ya wanaume watatu, na mama, bibi kizee sasa, amejifunika uso mzima kwa mtandio.

"Zima, mwanangu," alisema. Hakupandisha sauti.

Salimu na shemeji zake walikuwa wameshainamisha macho. Walikula pilau haraka haraka, wakaaga mapema. Jioni ile nikakaa chini kwa utulivu, nikagundua kwamba kwenye kompyuta ya chumbani sikuwa nimeandikisha neno la siri la folda, ndiyo maana ile ndogo ilitema kila nililoandika. Kosa la dakika tano tu. Nikalirekebisha, nikamwambia mama kwamba sasa haifunguki bila mimi.

"Sawa," akasema. "Lakini wale waliniamini mimi, si kompyuta. Walio hai nitawaendea. Waliokufa nitawaomba radhi wapi?"

Nililia kama mtoto.

Aliye hai amebaki mmoja, Bi Zuhura wa Raskazone. Tulimwendea kwa bajaji, mama akamweleza yote bila kunilaumu wala kunitetea. Bi Zuhura alicheka mpaka akakohoa. "Basi wameona nilivyokuwa! Nimekusamehe, shoga."

Siku hizi Bi Zuhura huja kwetu alasiri, tukafunga mlango, nikaandika neno la siri. Zamani chumba kilijaa wanawake wakitaniana. Sasa wamebaki wawili kwenye kochi. Kila marehemu anapopita akicheza, mama humtaja kwa jina. "Mwanaidi, nisamehe. Bi Tatu, nisamehe." Kisha humtazama mpaka atoke kwenye picha.