Nywele za Utitiri wa Masii

Miaka ya tisini, kazi yangu mjini Machakos ilikuwa kuhesabu nywele. Si za watu, jamani! Za utitiri wa udongo, vidudu vidogo kuliko punje ya chumvi. Udongo tuliuweka kwenye chujio chini ya taa. Utitiri ukikimbia joto ulidondoka kwenye chupa ya spiriti, nami nikaupanga chini ya hadubini. Aina mbili zilifanana kama mapacha. Moja ilikuwa na nywele nne ndefu nyuma ya mgongo, nyingine mbili. Tofauti ni hiyo tu.

Baba aliona ni upuuzi mtupu. "Nilikusomesha hadi kidato cha nne uhesabu chawa wa mchanga?" Mkataba wangu ulikuwa unakwisha mwezi ule, na yeye alishanitafutia nafasi ya chuo cha ualimu.

Ndipo nikapata, kwenye udongo wa shamba letu la Masii, utitiri wenye upara kabisa! Mkubwa wangu akachungulia, akasema ataukagua vizuri Jumatatu. Kama ni aina mpya, mkataba utaongezwa. Jumamosi nilifika nyumbani naropoka kabla sijavuka geti.

Mama akachinja jogoo. Baba, ambaye firigisi ni yake tangu nizaliwe, akatangaza, "Leo firigisi ni ya huyu." Nilijisikia mrefu, wacha tu.

Nikaketi kunyonyoa. Manyoya yakatoka kwa mafungu, ngozi ikabaki na vitundu, kila unyoya na kitundu chake. Nikaacha kunyonyoa. Utitiri wangu wa upara ulikuwa na vitundu vinne nyuma ya mgongo, nami nilidhani ni pambo! Nikakumbuka brashi niliyousafishia. Udongo wa Masii hung'ang'ania, na kwetu sufuria husuguliwa kwa mchanga mpaka ing'ae, basi na utitiri niliusugua hivyohivyo. Sikuwa na aina mpya. Ilikuwa ileile ya nywele nne, nimeinyonyoa mwenyewe.

Nilitaka sana kunyamaza. Lakini sahani ilipoletwa, nikaisukuma upande wa Baba.

"Baba, chukua firigisi yako," nikasema, nikaeleza yote mpaka brashi, machozi yakinilenga.

Mama aliangua kicheko. Baba hakucheka. Alivaa miwani, akainua kipande cha ngozi ya kuku kwenye mwanga wa mlango, akakitazama kwa muda.

"Asi! Na hao wa nywele mbili," akauliza, "wako na vitundu vingapi?"

Hakuna aliyewahi kuangalia, si mimi, si mkubwa wangu.

Baba akaikata firigisi katikati. Nusu akanipa. Nusu akaifunga kwenye karatasi.

"Hii utakula Jumatatu," akasema, "ukishahesabu."

Jumatatu nilifika kazini kabla ya mlinzi. Nikahesabu vitundu vya wale wa nywele mbili mara tatu: vinne, vinne, vinne. Kumbe aina zetu mbili zilikuwa moja, hao nywele mbili ziliwang'oka tu! Mkubwa wangu aliposaini mkataba mpya, wa kuhesabu upya chupa zote, mdomo wangu ulikuwa umejaa firigisi.