Nilimcheka Mwanangwa kwa Mashavu Yake

Kosa ni langu, ndugu zangu. Sikutumwa, sikulewa, wala shetani hakuwa na habari nami siku ile. Ni mdomo wangu mwenyewe, mdomo wa mtu aliyefika sekondari!

Nawaambieni kama ninavyomwambia rafiki, maana waliokuwapo karibu wote wamekwisha kufa, na mimi nimechoka kulala na jambo hili.

Ilikuwa wakati wa ile vita ya pili ya Wazungu. Nilikuwa karani wa stesheni ndogo huku Tabora, si mbali na Igalula. Mvua iligoma. Vijana walikuwa wamechukuliwa jeshini, wengine kwenye mashamba ya mkonge, na waliobaki walichimba mizizi porini. Mimi je? Mimi nililetewa posho ya unga kwa treni! Njaa niliiona kwa wenzangu tu.

Kijiji cha Wanyamwezi kando ya stesheni kilikuwa na mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi, jina lake Nkwabi. Mzee huyu alikusanya mbegu zote za mtama akazitia katika kihenge kimoja uani kwake, ili mtu asizile kwa kuzidiwa. Kila jioni alipita nyumba kwa nyumba akisema mvua itarudi, na ikirudi itukute na cha kupanda. Watu walimwamini. Walilala na njaa, lakini walilala wakipanga mashamba!

Sasa, mimi ni Mzaramo. Baba yangu alifuata reli kutoka pwani akaoa huku. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao wapagazi walipopita kwetu pwani na pembe za ndovu mabegani. Mtani akikutukana, unacheka. Ukikasirika, aibu ni yako. Uhuru ule niliutumia vibaya, jamani!

Siku moja watu walianza kunung'unika, mwanangwa akaitisha mkutano.

"Mtama huu ni wa kupanda," alisema. "Anayetaka kuula, anile mimi kwanza."

Nikarukia: "Wewe, Mwanangwa? Wewe tutakula mpaka masika, na mafuta yabaki!"

Kicheko! Kweli mashavu yake yalikuwa yamejaa, na miguu imenona. Nilipoona wanacheka, nani angeninyamazisha?

"Enyi wabeba mizigo, hesabu hamjui! Ninyi mmekonda. Kihenge kiko kwake. Yeye ananenepa. Jumlisheni wenyewe!"

Wakacheka tena, ila safari hii kicheko kilikatika katikati.

Mwanangwa naye akacheka. Angefanya nini? "Mzaramo huyu," akasema, "hata kwenye njaa ana mate ya kupoteza."

Kesho yake wanaume walikwenda wakafungua kihenge. Kilikuwa kimejaa mpaka juu! Basi wangefunga, wakaomba radhi? Thubutu! Mtu mwenye njaa, shaka imekwisha kumwingia, na mtama ameuona kwa macho yake, hafungi. Kila mmoja alisema, "Nachukua changu nikakitunze mwenyewe." Walikitunza matumboni.

Nikapita pale nikijichekesha. Mwanangwa alikuwa ameketi chini, ameegemea kihenge kitupu. Mkewe, Mama Kabula, akaniita.

"Mtani, njoo. Bonyeza mguu wake huu."

Nikabonyeza kwa kidole gumba. Pakabaki shimo. Nikangoja nyama irudi. Haikurudi!

"Hayo ndiyo mafuta yako, uvimbe wa njaa," akasema. "Chakula chake anawapa watoto wa wajane, yeye anakunywa maji na chumvi. Haya, cheka!"

"Mwache, mama," mwanangwa akamwambia. "Ni mtani."

Lo! Angenipiga kofi ningepona.

Alifariki kabla ya mvua. Kwa desturi yetu, mtani ndiye huchimba kaburi, na ndiye humkejeli marehemu mpaka wafiwa wajikute wanatabasamu. Nilichimba. Kisha nikasimama na jembe langu, watu wote wananitazama, na neno halikutoka.

"Mzaramo!" Mama Kabula akaniita mbele ya watu. "Alipokuwa hai ulikuwa na maneno tele. Mbona leo umefunga duka?"

Hakuna aliyecheka.

Na mvua ikaja, jamani, mvua nzuri ajabu! Ikanyesha juu ya mashamba yasiyo na mbegu. Watu walisimama milangoni wakiitazama, kisha wakafunga mizigo. Wengine walikwenda Kaliua kwa ndugu zao, wengine umanamba, kazi ya mkataba kwenye mkonge, na wengi hawakurudi. Nyumba zikaota majani.

Tangu mwaka ule hakuna Mnyamwezi wa huku aliyenitania tena. Hata mmoja! Wananiamkia kwa adabu, "Shikamoo, mzee," naitika marahaba, wanapita. Hamjui adhabu ya kuheshimiwa hivyo!

Ninyi wenye midomo myepesi, nisikilizeni. Mkubwa anayeiba mchekeni mpaka akimbie. Kazi hiyo naiunga mkono hata leo. Lakini kabla hujawachekesha wenye njaa juu ya mtu anayewatia moyo, nenda kwanza kwake ukaangalie anakula nini. Mimi sikwenda. Nyumba yake ilikuwa inaonekana kutoka dirishani kwangu, ila nilikuwa nimeshiba.