Nondo Waliosazwa na Kuku

Kila jioni naanika shuka jeupe kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba, nawasha taa juu yake, kisha naenda kulala. Alfajiri, adhana ikishapita, natoka na kalamu kuwaandika nondo waliolala pale. Ndiyo kazi ya uzeeni mwangu hapa Tabora, haina mshahara wala heshima. Ninacho kitabu cha picha kutoka nchi za kusini, lakini nondo wa huko nao wengi ni kahawia, kwa hiyo tunaelewana kwa shida. Nimeshaandika "kahawia mdogo", na "kahawia mdogo mwingine", na yule aliyeniudhi nikamwandika "kahawia mwenye kiburi".

Jirani yangu ni Mzaramo, mjane wa mtu wa reli. Treni ilimleta huku, akakataa kurudi. Mimi ni Mnyamwezi. Wazee wangu walipobeba mizigo kwenda pwani walipita kwao, wakagombana, wakazikana, mwisho wakawa watani. Ndiyo maana mama huyu hunitukana asubuhi na mapema nami siruhusiwi kununa. Mvua za kwanza aliponiona na taa alikuja na beseni, akidhani nategea kumbikumbi. Nilipomwambia kwamba hawa siwali, alinihurumia.

"Mnyamwezi wewe! Mizigo ya kubeba imekwisha, sasa unahesabu wadudu?"

Kuku wake hawakuwa na huruma hiyo. Siku nikichelewa kuamka kidogo tu, wanalipitia shuka langu kama wageni kwenye pilau. Nililalamika. Akajibu kwamba mali ya mtani haiibiwi, inachukuliwa. Kwa hiyo kumbukumbu zangu za nondo wa Tabora, kusema kweli, ni kumbukumbu za nondo wasiopendwa na kuku wa Kizaramo.

Haya yote niliyaanza kwa ajili ya mke wangu. Alipokuwa msichana kwao Urambo aliona nondo wa kijani, mkubwa kama kiganja, mwenye mikia miwili mirefu, ametua kwenye mlango wa bani la kukaushia tumbaku. Sasa presha ya macho inammaliza. Daktari amesema uoni uliopotea haurudi, na uliobaki unapungua. Alitaka amwone tena nondo yule kabla giza halijafunga. Hakuomba kingine, nami niliyezoea kuombwa vitenge nikaona nimepata nafuu.

Alfajiri moja nikamkuta. Kijani kibichi, mikia inaning'inia, ametulia kabisa. Nikakimbilia ndani kumwamsha mke wangu. Akatafuta khanga, akatafuta ndara, akasema hawezi kumlaki mgeni kichwa wazi. Nikamshika mkono tukatoka polepole, maana kizingiti hakioni tena.

Kwenye shuka hapakuwa na kitu. Chini alisimama tetea mwekundu wa jirani, anameza. Mabawa yalibaki mchangani.

Nililia, na sioni haya kusema. Kisha nikamkamata yule tetea, nikaingia jikoni kuchukua kisu. Kwa utani ni haki yangu: naweza kumchinja kuku wa Mzaramo mbele ya macho yake, naye asiseme neno. Jirani alisikia kelele akaja. Akayaona mabawa, akauona uso wa mke wangu, na siku hiyo hakunitukana.

"Chinja, mtani," alisema. "Chumvi nitaleta mimi."

Mke wangu alikuwa amechuchumaa. Alilisogeza bawa moja hadi karibu liguse jicho lake lenye nafuu, huku akiupapasa mkia kwa kidole.

"Ni kijani?" aliniuliza.

"Kijani."

Akalilaza bawa kiganjani mwake.

"Basi mwachie huyo kuku, mzee wangu. Mliomwona ni wawili tu, wewe na yeye. Usinipunguzie mashahidi."