Mfano wa Nne

Usiku ule nililala na daftari kifuani, kama mtu anayehofia kuibiwa. Zilikuwa zimebaki siku tatu kufika arobaini ya Bibi, na mimi nilikuwa nimemdanganya mama yangu.

Nianze na huo uongo, maana bila huo ndoto yenyewe haina kichwa wala miguu. Mimi nasomea ualimu wa Kiswahili. Mwaka huu wa mwisho tulipewa kazi ya kukusanya fasihi simulizi ya nyumbani kwetu na kuipanga kwenye jedwali: hadithi, semi, ushairi, maigizo, kila utanzu na vipera vyake. Kila kipera kilitakiwa kiwe na mifano mitatu. Nikarudi kwetu Muheza, nikamkalisha Bibi kibarazani siku tatu, yeye anasuka ukili, mimi nimemshikia simu karibu na mdomo. Ngano tatu, nikapiga tiki. Vitendawili, nyimbo za harusi, tiki. Bembelezi tatu, zile nyimbo za kulaza watoto, tiki. Nilijiona msomi kwelikweli.

Siku ya tatu Bibi akasema, "Upo mmoja wa kulazia mtoto sijakuimbia. Huu nilimwimbia mama yako tu." Akakohoa kusafisha koo. Nikamzuia kwa mkono.

"Imetosha, Bibi. Bembelezi zimeshajaa. Sasa nipe methali, bado moja."

Bibi alinitazama kidogo, akakata ukili kwa meno, akasema, "Haraka haraka haina baraka." Nikaiandika, nikapiga tiki, wala sikujua kwamba nimesemwa.

Mwezi haukuisha, Bibi akafariki. Tangu tulipotoka makaburini Mama hakupata usingizi. Alikuwa akijilaza tu, anageuka huku na huku mpaka kunakucha, macho yamemwiva. Siku moja akaja akasimama mlangoni kwangu.

"Ulimrekodi siku tatu nzima," akasema. "Ule wimbo wangu unao?"

Nikasema, "Ninao, Mama. Umo humohumo, nautafuta."

Kila siku akauliza, na kila siku nikawa natafuta. Nilisikiliza rekodi zote, nikitumaini labda Bibi aliwahi kuutoa hata mstari mmoja. Nilichokuta ni kikohozi chake, halafu sauti yangu: "Imetosha, Bibi." Naichukia sauti ile mpaka leo.

Basi nikaota niko nyumbani humuhumu, ila ni saa saba mchana, jua kali, na korido ni ndefu kuliko ilivyo. Ina milango minne. Juu ya kila mlango kuna mwandiko wangu wa kalamu nyekundu: Hadithi. Semi. Ushairi. Maigizo. Na Bibi amesimama katikati, amejitanda kanga yake ya kisutu, mkononi ana kikapu kilichofunikwa kitambaa. Sikuogopa. Kilichonitia wasiwasi ni kwamba tumechelewa, na kwamba yuko mtu anakuja kukagua.

"Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. Alisema, "Mimi nikae wapi?"

Nikamfungulia mlango wa Ushairi. Akaingia, akaanza kuimba, na kabla sijashusha pumzi nikatambua kwamba wimbo wenyewe ni ule anaouimba sungura kisimani, katikati ya mojawapo ya zile ngano tatu. Nikamshika mkono. "Bibi, hii ni hadithi. Twende kule." Tukahamia kule. Kumbe kule hasimulii tena. Ameinama, ameshika kiuno, anachechemea kama fisi aliyepigwa, na anacheka kicheko cha fisi hasa. "Bibi, haya ni maigizo!" Tukahama. Kwenye maigizo akakaa kitako, akatulia tuli, akanitupia methali.

Tunakwenda, tunarudi. Kila mlango ninaoufunga yeye ameshatokea nje yake, ananitazama. Kikapu kinamwelemea, bega limeinama upande mmoja, lakini nikinyoosha mkono nimpokee anakivuta.

"Umebeba nini, Bibi?"

Anakihamishia mkono wa pili. Na huko mbele nasikia viatu vya mkaguzi. Nilitamani kumkemea Bibi yangu. Ndotoni, nilitamani kumkemea.

Mara korido imekuwa chumba cha mtihani. Nimekaa mbele, karatasi moja, swali moja: Toa mfano wa nne. Nakandamiza kalamu mpaka karatasi inachanika, wino hautoki. Nikigeuka, Mama amekaa dawati la nyuma kabisa, macho mekundu, mikono pajani, ananingoja. Na msimamizi wa mtihani ni Bibi, na kikapu chake.

"Kitendawili," anasema.

"Tega."

"Nilipanda niko macho, ikamea kwa aliyelala."

Nikasema mbegu. Nikasema mimba. Nikasema ndoto, nikaona hapo nimempata. Akatikisa kichwa mara tatu.

Kwetu, asiyejua jibu hutoa mji. Kutoa mji ni kukiri kwamba umeshindwa. Mtegaji anauchukua mji wako, anatembea humo kwa maneno, anajisifu anavyokirimiwa, ndipo anakupa jibu. Nilipokuwa mtoto niligawa miji yote ya nchi hii, na mingine nikaigawa mara mbili. Lakini tangu niende chuo sijatoa hata mmoja. Siku zile tatu za kurekodi, kila Bibi aliponishinda nilimwambia, "Nipe tu jibu niandike," naye kwa huruma alinipa. Mara hii huruma hana.

"Nipe mji."

"Bibi, niambie tu, naandika."

"Nipe mji."

Nilikuwa nayo miji, tele, imenijaa mdomoni, lakini ulimi uligoma. Mama kule nyuma anasikia kila kitu. Nikiutoa, Mama atajua kwamba sijui. Nikageuka kumtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, amechoka vibaya, na mimi ndiye ninayemchosha.

"Chukua Tabora, Bibi," nikasema. "Sijui. Sina."

Na machozi yakanitoka, ya kwikwi, kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Bibi akaweka kikapu chini. Ndiyo mara ya kwanza alikiweka.

"Nilikwenda Tabora," akasema, kwa sauti yake ileile ya kibarazani. "Wakanipokea, wakanipa kiti, wakanipa maji. Wakaniuliza, mzigo wako wa nyumbani umemwachia nani? Nikawaambia, nimemwachia aliyelala." Akaniinamia. "Mwache mwanangu alale."

Nikanyoosha mkono nifunue kitambaa cha kikapu. Nikaamka, daftari liko sakafuni.

Kulikuwa kumekucha. Uani nilisikia ungo. Mama alikuwa anapepeta mchele wa arobaini, chwa, chwa, na kuku wamemzunguka. Nilitoka bila kunawa uso, maana nilijua nikinawa nitapata akili ya kuongopa tena.

"Mama, ule wimbo sina."

Ungo haukusimama. "Najua."

"Unajua?"

"Siku ile nilikuwa ndani, dirisha la kibarazani. Nilikusikia unamwambia imetosha." Akapuliza makapi. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Laiti ardhi ingepasuka. Siku zote zile alikuwa akiniuliza jambo analolijua, na mimi namjibu bila hata kupepesa macho. Nikakaa chini kwenye vumbi, nikamwomba radhi. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Macho yako yamevimba. Umeota?"

Nikamsimulia, milango na mtihani na Tabora, haraka haraka, kwa kuruka ruka. Nilipofika kwenye kitendawili ungo ukasimama.

"Bembelezi," Mama akajibu papo hapo, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Si ndiyo hiyo? Anaimba yuko macho, inabaki kwa aliyelala."

Akautua ungo pajani. Akageuza uso kwenye michungwa ya uani. Kisha, kwa sauti iliyokauka, sauti ya mtu ambaye hajaimba tangu utoto, akaanza:

Usingizi u njiani,
wapita mashamba yetu,
umebeba kikapuni…

Akaishia hapo. Kuku mmoja akadonoa mchele wala hakuna aliyemfukuza.

"Umebeba nini, Mama?"

"Sijui," akasema. "Hapo ndipo nilipokuwa nikilala."

Katika kusimulia nilikuwa nimekiacha kikapu. Niliona ni kitu kidogo.

"Mama, alikuja na kikapu. Kimefunikwa. Hakukiweka chini mpaka mwisho."

Mama akanigeukia. "Ulimwuliza kina nini?"

"Nilimwuliza. Hakusema."

Akacheka. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka, na kicheko kile kilianza vizuri, kisha kikaishia kwenye kilio, akajifuta kwa ncha ya kanga. "Basi alikuwa yeye," akasema. "Hata mimi hakuwahi kuniambia."

Akanisogezea ungo. Akajivuta mpaka kwenye mkeka ulio kivulini, ule aliousuka Bibi, akajilaza ubavu, kiganja chini ya shavu. Nilisikia anaurudia wimbo kwa chini, mstari wa kwanza, wa pili. Wa tatu haukufika mwisho.

Nilipepeta mchele ule polepole, nikishika pumzi kila kuku alipolia. Kwenye saa sita jirani alipiga hodi akitaka kujua habari za sufuria za arobaini. Nikamwekea kidole mdomoni, nikamnong'oneza arudi baadaye, Mama amelala.