Siku Watu wa Kwihara Walipohesabiwa

Nakumbuka asubuhi zile, mwanangu, nilizokaa kwenye kiti cha serikali nikawafuta watu wa kwetu bila kutumia kifutio. Wewe unayetumwa leo kupanga mabasi yapite wapi na baiskeli zipite wapi, tulia unisikilize, maana kosa hili halijazeeka kama nilivyozeeka mimi.

Enzi hizo za Mwingereza mji wetu wa Tabora ulikuwa unapanuka. Reli ilishusha watu kila juma, nyumba mpya za maofisa zilikuwa zinajengwa pembezoni, na ofisi ya mji ikaletewa mzungu mmoja wa mipango. Sisi tulimwita Bwana Mistari, kwa kuwa hakuweza kuona karatasi tupu akaiacha. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka mji uwe na basi lake, tena baiskeli zitengewe njia zisigongwe na malori. Ila alitaka kwanza kujua nani anapita wapi, na kazi hiyo akanipa mimi, Maganga, kijana niliyetoka shule juzi, kaptula nyeupe imepigwa pasi hadi inataka kusimama yenyewe.

Nikapewa kiti, kofia, na karatasi yenye safu nne: motokaa, malori, baiskeli, waendao kwa miguu. Kila apitaye nimchoree kijiti kimoja. Nikawekwa pale njia ya Kwihara inapoingia mjini, ile njia ya zamani ya misafara, ambayo babu yangu aliipita na pembe za ndovu begani kwenda pwani na kurudi. Ni njia nyembamba, imepinda hapa na pale, lakini imekanyagwa na miguu ya watu ikawa ngumu kama sakafu.

Sasa sikia upumbavu wangu. Kwetu mtu hahesabu watu wake. Shangazi yangu Kalunde, dada wa baba, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Siku moja nikiwa mdogo alinikuta nawanyooshea wadogo zangu kidole, mmoja, wawili, watatu, akanichapa kidole hicho hicho. "Watu si kuku," alisema. "Ukiwahesabu unaionyesha mauti mlango." Mwiko huo ulinikaa.

Basi kila asubuhi watu wa Kwihara walipotokeza, baiskeli zimeelemewa na magunia ya mkaa na madebe ya asali, akina mama na vibuyu vya maziwa kichwani, mimi niliweka kalamu chini. Niliwaamkia, wakaniitikia, tukaulizana habari za nyumbani, wakapita. Likija lori, kijiti. Akija mgeni nisiyemjua na baiskeli yake, kijiti. Wangu sikuwagusa. Na nikuambie ukweli wote: haikuwa hofu ya mauti peke yake. Nilikuwa na kiburi cha kudhani kwamba jambo linalojulikana na kila mtu halina haja ya kuandikwa. Linajulikana na nani? Na mimi, na wao. Bwana Mistari hakuwajua.

Baada ya wiki kadhaa ramani ikatundikwa ukutani pale ofisini. Basi lingetoka stesheni, lipite boma, lizunguke nyumba za maofisa, lirudi. Njia ya baiskeli ilichorwa kandokando yake. Njia ya Kwihara ilikatwa kwa wino mwekundu. Pangewekwa uzio wa waya kulinda nyumba mpya, na yeyote wa upande ule angezunguka mbali, nyuma ya reli, mwendo wa saa nzima zaidi. Pembeni paliandikwa kwamba njia hiyo haina watu wa kutosha, na chini ya maneno hayo ikawekwa jumla ya vijiti vyangu.

Niliisoma jumla hiyo mara mbili. Ningeweza kusema siku ile ile. Sikusema. Nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kukalia kiti chenye mgongo, na kiti hicho nilikipenda kuliko nilivyoipenda njia. Ndiyo, andika na hilo, sioni haya kulisema sasa.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Kwihara. Shangazi alikuwa ameshaona vigingi vilivyopigwa njiani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa." Hakunipa hata maji ya kunywa, na mtu wa nyumbani asiyepewa maji anajua amekosa. "Nimewauliza wanaochimba mashimo, wakanijibu njia hii haina watu. Nani aliyewaambia hatupo?"

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye mwiko nikajitetea kwamba yeye ndiye aliyenifundisha. Alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini polepole.

"Mwiko ule nilikupa uwalinde watu, Maganga. Sasa umewafuta. Umemlinda nani?"

Nikanyoosha mkono nimsaidie ungo, akausogeza mbali.

"Maziwa ya hospitali nayapeleka mimi kila siku," akaendelea. "Nikizunguka nyuma ya reli yatafika yameganda. Kijana wa hapa jirani anafua nguo huko kwa maofisa, akichelewa anafukuzwa. Asiyekuwepo na lake halipo, na aliyetuondoa ni wewe. Kesho ukakae pale pale. Uende na karatasi yako."

Jumatatu, jua limeshapanda, Bwana Mistari alikuwa njia panda na vibarua wake wakijiandaa kusimamisha nguzo za uzio. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, ingawa hakuna aliyenituma. Ndipo nikasikia kengele za baiskeli. Kwanza moja, halafu nyingi, halafu kelele tupu. Kwihara nzima ilikuwa inakuja. Wenye kazi za kibarua mjini walikuwa wamechelewa kwenda kwa makusudi. Wazee walikuwamo, akina mama na watoto mgongoni, hata katekista alikuwa amempakia mkewe kwenye keria. Mbele yao wote, kwa miguu, kibuyu kichwani, alikuwa Shangazi Kalunde.

Akasimama mbele yangu. "Andika," alisema. "Anza na mimi."

"Shangazi, lakini..."

"Kalunde wa Kwihara. Napita hapa kila siku aliyoiumba Mungu. Chora!"

Nikachora. Kisha akaenda kwenye shimo lililochimbwa kwa ajili ya nguzo, akakitua kibuyu chake ndani yake na kukaa kando. Kibarua mmoja akamwomba akiondoe. Akamjibu kwamba nguzo na maziwa, kimoja kitangoja. Nguzo ikangoja.

Watu wakapita mmoja mmoja, kila mtu akitaja jina lake kwa sauti, watu wale wale waliolelewa kama mimi wasihesabiwe. Bwana Mistari alikuja, uso umemwiva.

"Maganga, hesabu ilikwisha zamani. Weka kalamu chini."

"Bwana, hesabu ile niliifanya mimi, na ilikuwa ya uongo. Hii ndiyo ya kweli."

"Ukiendelea huna kazi."

"Basi sina kazi, Bwana," nikamwambia, nikamgeukia mwenye baiskeli aliyefuata nikamuuliza jina.

Jioni nilirudisha kiti na kofia. Karatasi sikuiachia mpaka Bwana Mistari alipotia sahihi kwamba ameipokea. Na aliisoma, nampa haki yake. Uzio haukuvuka njia, ramani ikachorwa upya, baiskeli zikaachiwa njia yao pamoja na mipindo yake yote. Basi la Kwihara lilichelewa sana. Lilikuja nimeshaota mvi, lakini lilifuata njia ile ile. Mimi nilijifunza kuziba pancha pale pale njia panda, kazi hiyo ikawalisha na kuwasomesha wanangu, na kile kiti sijakililia hata siku moja.

Na mauti je? Wapo walionong'ona kwamba Kwihara itazika sana mwaka ule. Shangazi aliishi mpaka akamaliza meno yote kinywani, na kila tulipokutana aliniuliza, "Bado nimo kwenye karatasi?"

Nami nilimjibu, "Wa kwanza, shangazi."

Sasa shika neno langu. Kabla hujachora mstari, kaupite kwa miguu, tena saa wanayopita wenyewe, si saa inayokufaa wewe. Usidhani watu wako wanajulikana kwa kuwa wewe unawajua. Mkataa kwao ni mtumwa, na unaweza kukataa kwenu kwa kunyamaza tu, umekaa vizuri, kaptula imenyooka. Ukikosea, kasahihishe mbele ya watu, pale pale ulipokosea. Na mkubwa wako akikuamuru uandike kwamba watu hawapo, na wewe unawaona kwa macho yako, mkatalie. Mwamkie kwa heshima, mwite Bwana, halafu mkatalie.

Mungu akupe miguu ya kuzijua njia za watu. Akupe riziki isiyokufunga mdomo. Na siku watakapokuambia uweke kalamu chini, akupe mkono mkaidi, na akutangulizie mtu kama Kalunde wa kusimama mbele yako akuambie uanze na yeye.